Kuni za Matanga ya Bibi Perpetua

Moto wa wazi ni wa Serikali peke yake. Hilo alilijua kila mtu katika mji wetu, kuanzia mtoto wa shule ya vidudu hadi ajuza asiyeinuka kitandani. Liliandikwa juu ya mlango wa soko, juu ya mlango wa mahakama, na juu ya mlango wa kanisa, mahali ambapo zamani palikuwa na neno jingine. Raia aliruhusiwa kuwa na moto mdogo jikoni mwake, chini ya paa, mlango ukiwa umefungwa, nao ulihesabiwa kuwa moto wa kuazimwa. Lakini moto ulio chini ya mbingu, uwe wa kuteketeza taka, wa kuchomea mahindi, au wa kuota tu, huo ulikuwa wa Serikali, na mwenye kuuwasha alikuwa amejitwalia madaraka yasiyo yake.

Sababu ya kanuni hiyo ilikuwa njema. Zamani soko letu liliteketea. Tume ikaundwa, ikakaa, ikala, ikasafiri kwenda kutazama masoko ya nchi nyingine ambayo hayajaungua. Mwishowe ikabaini kwamba gari la zimamoto lilikuwa limefika mapema, likipiga king'ora kwa ufasaha mkubwa, ila halikuwa na maji. Tume ikalipima jambo hilo kwa uzito unaostahili. Maji, ikasema, ni ghali, nayo huhitaji mabomba. Katazo ni rahisi, nalo halivuji. Ndipo likapendekezwa katazo. Tangu siku hiyo Idara ya Usalama wa Moto haijazima moto hata mmoja, jambo linaloonyesha jinsi ilivyofanikiwa. Tangi la gari lake, kwa kuwa lilikuwa tupu, lilikatwa mlango ubavuni na kutumika kubebea makaa na kuni zilizotaifishwa. Shehena hiyo ilichomwa katika meko za ofisi za Idara, maana mji wetu uko juu milimani, penye ukungu, na maafisa nao ni binadamu.

Aliyewasha moto wa wazi hakutupwa gerezani. Serikali yetu ni ya huruma. Alitiwa Ubaridi tu. Maafisa walifika nyumbani kwake, wakamwaga mchanga katika mafiga yake, kisha wakachora mlangoni mstari mpana wa chokaa kutoka juu hadi kizingitini. Kuanzia hapo nyumba ile haikuwa na haki ya moto wowote. Hakuna jirani aliyeruhusiwa kuipa kaa, wala chakula cha moto, wala maji yaliyochemshwa. Atakayetoa, naye atatiwa Ubaridi. Muda wa adhabu ulikuwa mwaka mmoja kwa kila ukuni uliokutwa motoni.

Katika mji wa ukungu, nyumba ya namna hiyo haikukawia kupata utulivu. Vikongwe ndio waliotangulia kutulia, kisha watoto wachanga. Idara iliandika kwamba walifariki kwa mapafu, na ni kweli, mapafu walikuwa nayo.

*

Aliyeziandika kanuni hizi ni Kamishna Theofili Mkangala, mtu mrefu, mkavu, mwenye viatu vilivyong'aa hata katika matope ya masika. Alikuwa mwadilifu kupita kiasi. Hakupokea rushwa, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kujitetea mbele yake. Msaidizi wake alikuwa Inspekta Rajabu Chamshama, kijana mnene mwenye sauti laini, ambaye alimheshimu mkuu wake kama mtu anavyoheshimu kiti anachotazamia kukikalia.

Mwanzoni mwa kipupwe wawili hao walimkuta Mama Nyamizi, mjane, akichoma mahindi kando ya posta.

"Jiko lenyewe hili, Mheshimiwa, sufuria tu iliyotobolewa," alisema Mama Nyamizi. "Mahindi niyachomee wapi, kifuani?"

"Chini ya paa, mlango ukiwa umefungwa," alijibu Kamishna.

"Nikijifungia ndani nitamuuzia nani?"

"Hilo ni swali la Idara ya Biashara."

Inspekta Chamshama aliyatia mahindi mfukoni yakiwa ya moto, ili yawe kielelezo, na jioni hiyohiyo mlango wa Mama Nyamizi ukapata chokaa. Watu wa mtaa walianza kupita upande wa pili wa njia. Si kwamba walimchukia. Walikuwa raia wema, na mikono yao ilikuwa na joto ambalo wangeweza kushtakiwa kwalo.

*

Kipupwe hakijaisha, Bibi Perpetua akafariki. Huyu alikuwa mama mzazi wa Kamishna, na Kamishna alikuwa mzaliwa wake wa kwanza na wa pekee.

Sasa yapasa nieleze desturi ya mji wetu, ambayo ni ya kale kuliko Serikali, ingawa si vizuri kulisema hilo kwa sauti. Maiti haitolewi nyumbani mpaka uani pamewashwa moto wa matanga. Mzaliwa wa kwanza huuwasha kwa mkono wake. Kila ajaye kuomboleza huja na ukuni wake mmoja, akauweka motoni, ndipo akapata mahali pa kukaa; asiye na ukuni hakai. Na baada ya maziko, mzaliwa wa kwanza husimama mbele ya majivu, akamshukuru kila aliyeleta ukuni, kwa jina lake na jina la baba yake. Kumruka mtu katika shukrani hiyo ni kumwambia hakuwa kitu kwa marehemu. Ziko koo ambazo hadi leo hazisalimiani kwa sababu ya ukuni mmoja usioshukuriwa.

Idara haikuipuuza desturi hii. Iliagiza ubao mkubwa wenye picha ya moto, uliochorwa kwa rangi nyekundu na ya manjano, ukaitwa Moto wa Mfano. Kila penye msiba uliletwa ubao huo na kusimamishwa uani, ukazungushiwa kamba ili watu wasisogee wakaungua. Waombolezaji walikaa mbele ya picha mikono mitupu, wakitetemeka kwa utaratibu, kisha wakamzika mtu wao upesi na kwenda zao bila kutazamana.

Kamishna Mkangala aliuleta ubao mwenyewe nyumbani kwa mama yake, akaufunga kamba kwa mkono wake, maana hakuwa mtu wa kujipendelea. Mlangoni alisimama Felista, mdogo wake marehemu, mwanamke mfupi asiye na meno ya mbele wala woga.

"Hiki ni nini, Theo?"

"Ni Moto wa Mfano, Mama Mdogo."

"Kwa hiyo tuketi tuote picha?"

"Ndivyo wanavyofanya watu wote."

"Watu wote mama zao hawakuzaa Kamishna. Sikiliza. Dada yangu hatoki humu hajawashiwa. Nitaulalia mlango, mnikanyage."

"Mama Mdogo, kanuni haina jamaa."

Felista alimtazama kitambo. "Unajua kilichomuua mama yako?"

"Daktari amesema ni mapafu."

"Mapafu. Kila asubuhi alikuwa akilivua shuka lake, akilifungia chungu cha uji wa moto usipoe, akimpelekea Mama Nyamizi, yule uliyempaka chokaa. Anatembea ukunguni mabega wazi, umri ule. Nilimwambia, dada, mwanao akijua? Akanijibu, Theo ana kazi yake na mimi nina yangu."

Kamishna akasema, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi wake, "Alivunja kanuni."

"Alivunja. Mpake chokaa basi. Mlango wake ndio huu." Felista akasogea pembeni kumpa nafasi. Kamishna hakuinua mkono. "Na neno lake la mwisho ulijue," akaendelea mama yule kwa sauti ya chini. "Alisema, Theo ataniwashia. Hakusema atajaribu. Alisema ataniwashia."

*

Kamishna alikwenda Idarani kuomba kibali, akapanga foleni kama raia yeyote, na foleni nzima ikamkimbia akabaki peke yake. Kwa kuwa alikuwa katika likizo ya msiba, aliyekaimu kiti chake alikuwa Inspekta Chamshama. Mekoni nyuma ya Inspekta paliwaka kipande cha mlango wa mtu, na chumba kilikuwa na joto jema.

"Pole sana, Mheshimiwa," alisema Inspekta akisimama. "Msiba wako ni wetu sote."

"Asante. Naomba kibali cha moto wa wazi, kwa ajili ya matanga ya mama yangu."

"Bila shaka. Mwenye shughuli yuko wapi?"

"Mimi ndiye mwombaji."

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini kanuni inataka mwenye shughuli afike mwenyewe, athibitishe kwa kinywa chake kwamba anauhitaji moto huo."

"Mwenye shughuli amekufa."

"Hilo tumelizingatia. Ndiyo maana hatukumdai faini ya kutofika."

Kamishna alikitazama kipande cha mlango kikiwaka. "Kanuni hiyo niliiandika mimi," akasema mwishowe.

"Nayo imeandikwa vizuri mno, Mheshimiwa. Huwa naisoma nikitaka kutulia." Inspekta akamfungulia mlango kwa adabu. "Tumekuazima ubao ulio bora kuliko wote. Rangi haijakauka sawasawa."

*

Alasiri ilikuwa imekwisha jaa ukungu Kamishna aliporudi. Felista alikuwa angali amekaa kizingitini. Kamishna alivua kofia ya kazi, akaiweka juu ya jiwe. Akaifungua kamba, akaikunja vizuri, maana ilikuwa mali ya Serikali. Kisha akauangusha ubao wa Moto wa Mfano, akaukanyaga kwa kiatu chake king'aacho mpaka ukapasuka, akapiga kiberiti.

Ule ubao ulishika upesi kuliko ilivyotarajiwa. Idara haikuwa imewahi kuujaribu.

Kwa muda alisimama peke yake mbele ya moto. Mtaa wote ulikuwa umefunga madirisha. Kisha ukungu ukamtoa mtu mmoja, mwanamke aliyejitanda, ameshika mguu wa kigoda.

"Mama Nyamizi," alisema Kamishna. "Wewe?"

"Mimi, baba. Ukuni mwingine sina, mlichukua. Nimekivunja kigoda." Akauweka mguu ule motoni, akakaa chini. "Mama yako hakupita upande wa pili wa njia."

Baada yake ukungu ukaanza kuwatoa wengine, mmoja mmoja. Kuni za mji zilikuwa zimekwisha taifishwa, vikabaki vijiti vya jikoni tu, kwa hiyo kila mtu alileta alichoweza kukivunja nyumbani: mpini wa jembe, mchi, ubao wa kitanda. Mzee Ladislausi, mpiga kengele wa kanisa, alileta fimbo yake ya kutembelea, akalazimika kushikwa mkono ili aketi. Wengine, na hili nalisema kwa masikitiko, walileta vibao vyenyewe vilivyoandikwa kanuni, kutoka soko na mahakama. Hawakuimba. Walikaa tu wakiutazama moto, wengi wao kwa mara ya kwanza tangu utoto, viganja wameunyoshea.

Ndipo kikasikika king'ora.

Inspekta Chamshama alishuka garini, akasimama barabarani akichungulia. Kutoka pale hakuona ila mwanga mwekundu na migongo. Akataka kuingia uani, Felista akamzuia.

"Ukuni wako uko wapi?"

"Niko kazini, bibi."

"Aliye kazini asimame barabarani. Hapa ni matangani."

Inspekta alifikiri. Kuwazuia watu wale wote hangeweza, maana alikuwa na dereva tu. Na moto hangeweza kuuzima, maana alikuwa na gari la zimamoto tu. Lakini aliijua desturi, akajua kwamba mwisho wake ni shukrani. Akarudi garini, akaufungua mlango wa tangi, akatoa humo gogo la mpingo, mali ya Serikali, akalibeba kifuani na kuliweka motoni kwa heshima zote. Watu wakampisha, kama desturi itakavyo, naye akaketi kando ya mfiwa.

"Nimekuja kama jirani, Mheshimiwa," alisema kwa sauti yake laini. "Nitangoja shukrani. Nasikia kumbukumbu yako ni nzuri, hujapata kusahau jina."

"Sijapata."

"Basi mambo ni mepesi. Ukiwataja wote, kila mmoja na baba yake, Idara itauhesabu moto huu kuwa ni wao. Kila mtu na ukuni wake, kila ukuni na mwaka wake. Wewe utarudi ofisini baada ya matanga, nami nitakupisha kiti kwa furaha." Akanyosha viganja motoni. "Na usipowataja, utakuwa umewatukana mbele ya majivu ya matanga ya mama yako. Mtu mwenye malezi hawezi."

Walio karibu walisikia. Hakuna aliyeinuka. Katika nyumba zao walikuwamo wagonjwa na wachanga, nao walijua mlango uliopakwa chokaa hufanya nini kipupwe kikiwa kirefu. Lakini kuondoka penye moto wa matanga kabla ya maziko ni jambo ambalo watu wa mji wetu hawalijui namna ya kulifanya. Waliuchochea usiku kucha, na Inspekta akakaa nao, akiziangalia nyuso kwa zamu.

*

Asubuhi Bibi Perpetua alitolewa mlangoni, akapitishwa kando ya moto, akazikwa. Watu wakarudi uani. Moto ulikuwa umekuwa majivu. Kamishna akasimama mbele yake, na Inspekta akajiweka tayari na kalamu yake.

"Taja, mwanangu," alisema Felista. "Tumo."

"Mimi unitaje kwa sauti," akaongeza Mzee Ladislausi, "nisije nikasikia vibaya nikadhani umeniruka."

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha mtu anayesogezewa sindano. Kamishna aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliona kwamba jina lake limepita katika macho yale.

"Kuni zote zilizowaka hapa," alisema, "zilikuwa zangu. Nilizivunja mimi, nikazileta mimi, nikazichochea mimi. Hapakuwa na mtu mwingine."

Ilikuwa kana kwamba amewapiga makofi. Mzee Ladislausi, aliyebaki bila fimbo, aliyageuzia majivu mgongo. Mama Nyamizi alijifunika uso kwa upindo wa nguo yake. Hakuna mfiwa aliyewahi kutamka neno la namna hiyo katika mji wetu, mahali pa majivu, kaburi likiwa bado bichi.

Inspekta Chamshama alitabasamu. "Mheshimiwa, uchungu umekuzidi. Watu walikuja. Niliwaona kwa macho yangu haya."

"Uliwaona ukiwa wapi, Inspekta?"

"Hapahapa, motoni."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Na asiye na ukuni hukaa motoni?"

Kalamu ya Inspekta ilisimama hewani.

"Basi chagua," alisema Kamishna, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia siku zote akisoma hukumu. "Ama nishukuru kama desturi itakavyo, nianze na wewe, jina lako na la baba yako na gogo la mpingo mali ya Serikali. Ama kuni zote zilikuwa zangu. Mimi sina haraka."

Ukungu ulikuwa ukiteremka juu ya majivu.

"Zote ni za Kamishna," alisema Inspekta mwishowe, akaandika.

"Hata la mpingo?" aliuliza Felista.

"Hata la mpingo."

*

Kwa kuwa hakuna aliyezihesabu kuni zile, miaka ya adhabu nayo haikuweza kuhesabika, na Idara, kwa busara yake, ikaamua iwe hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo. Chamshama, sasa Kaimu Kamishna, alikwenda mwenyewe kuupaka chokaa mlango wa Mkangala. Mkangala alisimama kando akiangalia. Mstari ulipofika chini kidogo ya kitasa, Chamshama aliiweka brashi.

"Umeishia katikati," alisema Mkangala. "Kanuni inasema mpaka kizingitini."

"Chokaa imekwisha, Mheshimiwa."

Mkangala alipiga magoti katika suti yake ya msiba, akaikomba chokaa iliyodondoka kwa kiganja, akauburuta mstari hadi chini. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Naye aliutumikia Ubaridi wake kwa uaminifu. Yasemekana palikuwa na majirani waliomwachia mlangoni chungu kilichofungwa shuka, na kwamba chungu kilikutwa palepale kila siku, kimejaa na kimepoa, maana hakutaka mtu mwingine ahesabiwe.

Kipupwe kilichofuata nyumba ile ikapata utulivu. Idara iliandika kwamba ni mapafu, na kwamba adhabu imelipwa yote, pamoja na mwaka wa gogo la mpingo. Chokaa ikakwanguliwa mlangoni, ikahifadhiwa.

Kwa matanga yake uliletwa ubao mpya, na Kamishna Chamshama akaja kuusimamia. Watu wa mji walifika wote, wakapita kamba bila kuikanyaga, wakakaa kuuzunguka Moto wa Mfano kwa utulivu ambao Idara imeusifu katika taarifa yake. Kila mmoja alikuwa na ukuni mapajani. Hakuna aliyeuwasha. Marehemu hakuwa na mtoto, na haikujulikana ni nani angewashukuru. Kwa hiyo walikaa tu, ukungu ukizidi, wakimtazama Kamishna Chamshama, ambaye ndiye peke yake aliyekuja mikono mitupu.

Nasikia alisimama siku nzima.